Sikleroze Ilivyosingiziwa

Jumatatu hiyo walikuja wageni saba, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Watatu walileta soda za machungwa, wawili jus ya marakuja kwenye chupa kubwa, mmoja unga wa uji, ule wa sosoma, na wa mwisho, mama mmoja wa kwaya, alileta kilo mbili za sukari ndani ya bahasha ya khaki, akaishika kwa mikono miwili kama sadaka. Nyirabagenzi alipokea kila kitu kwa heshima, akakipanga juu ya meza mahali ambapo kila mtu angekiona. Huwezi kwenda kumtazama mgonjwa mtaani Mbugangari bila kitu kitamu. Watu wangesema umekwenda kumhesabia pumzi.

Mgonjwa alikuwa Umurerwa, mke wa mwanawe. Alilala kwenye godoro pale sebuleni, chini ya dirisha linalotazama uani, kwa sababu mlango wa chumbani ulikuwa na ngazi mbili na ngazi mbili zilikuwa zimemshinda. Wageni walipomfungulia soda alikunywa chupa nzima bila kuishusha mdomoni.

"Yoo! Muangalie vile anakunywa!" mama wa kwaya alifurahi. "Mutu mwenye anakunywa hivi haiko mutu wa kufa."

"Nipatie ingine, mama," Umurerwa alisema.

Nyirabagenzi akafungua nyingine. Akafungua na ya tatu. Moyo wake ulipoa kidogo, maana siku hizi chakula kilimshinda mtoto wa watu, lakini vya kunywa havikumshinda. Alikuwa amekonda hadi pete ya ndoa wameifunga kwa uzi.

Ila kila kinachoingia hutafuta pa kutokea. Ndani ya saa moja wageni waliombwa mara mbili watoke nje, beseni likaletwa, wakaitwa tena. Mara ya tatu mama wa kwaya alichoka kuinuka. "Mi nageukia ukuta," alisema. "Sisi wote wanawake, haya ya nini?" Akageukia ukuta na kuanza kuimba polepole ili asisikie. Umurerwa alijaribu kungoja wimbo uishe. Haukuisha. Godoro likalowa, na wageni wote wakaanza kuangalia kalenda ukutani kana kwamba kuna tarehe wanayoitafuta.

Ugonjwa huo wa mishipa ya fahamu ulikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo daktari wa Kigali aliwaandikia miaka miwili iliyopita. Nyumbani walilikata, likabaki sikleroze, na waliisema kama watu wanavyomsema mpangaji msumbufu. Sikleroze imeamka. Sikleroze leo imekaa mguu wa kushoto. Mwezi wa saba ilimwangusha kabisa, wakamwekea dripu za dawa kali siku tano na kumpa vidonge vya kupunguza taratibu, na miguu ikarudi. Alitembea kwa fimbo hadi barrière ndogo, pale wanapovukia mpaka, akapiga kelele na wenzake wa ushirika wa kuvusha mboga Goma, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Wakasema Mungu mkubwa.

Haikupita hata mwezi. Ikaja kiu, ukaja mkojo usiokwisha, macho yakaingia ukungu, nguvu zikamwagika. Daktari alikuwa amewaeleza wazi kwamba ugonjwa huu hugusa macho, hugusa kibofu, huchosha mwili. Basi hakuna aliyejiuliza mara mbili. Kila kilichokuja walikitia kwenye gunia la sikleroze na kulifunga. Rendez-vous ya kumwona daktari Kigali ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, na huu ulikuwa mwezi wa kumi unaanza.

Wageni walipokwisha kuondoka, Cansilde alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Huyu ni dada mkubwa wa Wellars, mume wa Umurerwa. Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini mikono yake haikukaa bure. Tangu mwezi wa tisa alikuwa akija kila siku mbili kufua asichofua mtu mwingine.

"Maman, kuja hapa," alisema bila kuinua kichwa. "Mi naongea wazi. Hii shuka nimefua mara ine leo. Mara ine!"

"Nimeona."

"Bon. Mi niko na watoto yangu. Niko na ile nafasi ya Umurerwa kwa barrière yenye niko nashika juu wasimupange mutu mwingine. Wellars iko kwa chantier, anajenga kule Goma, anatoka asubuhi, anarudia jioni. We uko na miaka makumi sita na nane. Mugongo yako iko namna gani?"

"Mugongo yangu iko pahali pake."

"Usinidanganye. Jana nilikuona unamunyanyua, ukashika ukuta." Cansilde aliikamua shuka kwa hasira kana kwamba ndiyo iliyokosa. "Donc tumupeleke kwao Bugeshi. Mama yake iko. Kaka yake Vénuste iko. Maziwa iko, baridi iko muzuri. Apumuzike."

Nyirabagenzi alishika upande wa pili wa shuka. Alijua neno hilo, apumzike. Mwanamke akipelekwa kwao na valizi ya nguo, hakuna anayeuliza atarudi lini. Watu huuliza tu watoto wamebaki na nani. Alikuwa amemuuliza Wellars juzi, na Wellars, mtu wa kupanga mawe na si maneno, alijikuna shingo na kusema, "Mama ndiye anajua." Sasa mzigo wote ulikuwa kwake. Na yeye alikuwa mtu ambaye neno lake, likishatoka, watu hulijengea. Walimwita kwenye ugomvi wa mipaka ya viwanja, walimwita kwenye posa. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema ndiyo leo na hapana kesho.

Alimwangalia Cansilde mikono iliyochubuka kwa sabuni. Aliufikiria mgongo wake mwenyewe.

"Bon," alisema. "Jumapili. Mwambie Vénuste akuje na gari."

Alilisema, kisha akainama kuliokota beseni ili apate cha kufanya. Sisimizi walikuwa wamelizunguka. Mstari mweusi ulitoka kwenye ufa wa ukuta, ukapita uani, ukapanda hadi kwenye ukingo wa beseni. Kwa wiki mbili sasa alikuwa akiwamwagia majivu na kesho yake wanarudi.

"Huyu Umurerwa anamwaga uji," alinung'unika. "Angalia sasa."

Akawamwagia majivu tena.

Jioni ile alipika sosoma. Alitia vijiko vinne vya sukari, akaonja, akaongeza cha tano. Juu yake akazungusha asali ambayo Vénuste alituma kutoka Bugeshi wiki iliyopita. Damu ya mgonjwa ni baridi, inataka kutiwa joto. Ndivyo alivyomuuguza marehemu mumewe, ndivyo alivyoona mama yake akifanya kule Masisi, ng'ambo ya mpaka, kabla hawajarudi nchini.

Umurerwa alikunywa yote. Kisha akainua simu hadi karibu na pua, akaishusha, akaiinua tena.

"Mama, nisomee. Ni shule ya mutoto yangu Cyiza, mi naona mawingu tu."

Nyirabagenzi aliishia darasa la tatu. Alivaa miwani, akafuata neno kwa neno na kidole, akitamka kwa sauti kama mtoto mbele ya mwalimu. "Mu-ku-ta-no... wa wa-za-zi... siku ya..."

"Ya lini?"

"Ngoja sha, usinisukume. Siku ya... Ijumaa."

Wakacheka wote wawili. "Muke wa sekondari anasomewa na bibi wa darasa la tatu," Umurerwa alisema, na kicheko chake kikakatika njiani. "Sikleroze imepanda kichwa, mama. Safari hii haishuki."

"Usiseme vile."

"Mulikuwa naongea nini na Cansilde, kule nyuma?"

"Mambo ya shuka."

Umurerwa aligeuzia uso dirishani. Nyirabagenzi alichukua kikombe tupu na kwenda nacho jikoni, akakiosha muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji.

Jumapili baada ya misa Vénuste alifika na pikapu ya kubebea viazi. Alileta gunia la viazi na dumu la maziwa, kwa sababu hata anayekuja kumchukua dada yake hawezi kuingia kwa wakwe mikono mitupu. Alimsalimu Nyirabagenzi kwa mikono miwili, akaketi ukingoni mwa kiti, akamtazama dada yake kwenye godoro. Alikuwa amemwona mara ya mwisho mwezi wa nane, akiwa na mashavu.

Valizi ilikuwa tayari mlangoni. Nyirabagenzi aliifunga mwenyewe asubuhi, kitenge juu ya kitenge, na alipofika kwenye koti la kwenda sokoni akasita kama alitie au aliache. Alilitia.

Vénuste aliomba kuonyeshwa choo. Alipita uani, akarudi baada ya muda mfupi mno, akasimama mlangoni.

"Mama, samahani. Ile beseni ni ya nani?"

"Ni yake. Kwa nini?"

"Sisimizi wanatafuta nini mule?"

"Uji. Anamwaga uji."

"Ile haiko uji." Alipangusa viatu chini, hana raha. "Ni mukojo. Na hakuna uji pale."

Cansilde alipiga makofi. "Ayiwe! Vénuste, umetoka Bugeshi na gari juu ya kuja kunusa beseni ya watu?"

Vénuste hakucheka. "Baba yetu sisimizi walimufuata. Alikuwa anaenda nyuma ya ua, kesho yake pale pote ni sisimizi tu. Tulicheka sisi, tukasema muzee amekuwa mutamu. Siku tulimufikisha kwa docteur alituambia ni sukari. Wiki moja mbele, tukamuzika."

Sukari. Nyirabagenzi aliangalia meza: chupa kumi na moja, bahasha ya khaki, kopo la asali.

"Lakini yeye iko na sikleroze," alisema kwa sauti ndogo. Alilisema kama mtu anayetoa kitambulisho.

Umurerwa ndiye aliyejibu, ila si kwa maneno. Alijiinua kwenye kiwiko na kutapika kando ya godoro, kisha akaanza kuvuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu aliyepanda mlima mbio. Nyirabagenzi alimpigia magoti, akamwinamia uso. Pumzi yake ilinuka. Alikuwa anaijua harufu hiyo, ni ya ndizi zilizofukiwa shimoni kwa ajili ya pombe, siku zile zinapofunuliwa.

"Mubebe," alimwambia Wellars. "Mubebe sasa hivi!"

Wellars, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejificha kwenye kona kama kiti cha ziada, alimwinua mkewe peke yake na kutoka naye nje. Vénuste aliwahi kwenye usukani.

"Valizi niweke nyuma?" Cansilde aliita.

"Valizi ibaki!" Nyirabagenzi alisema, akapanda garini na kitenge chake kikiburuzika.

Kwenye kituo cha afya zamu ya Jumapili ilikuwa ya nesi mmoja tu, Teta, msichana aliyezaliwa na kusomea Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama kimepigwa pasi. Alisoma daftari la mgonjwa huku akimshika mkono.

"Mwezi wa saba alipewa dawa za steroid, kwanza kwenye mshipa, kisha vidonge. Tangu hapo amepimwa sukari?"

"Sukari?" Nyirabagenzi alisema. "Mama, yeye iko mugonjwa ya mishipa. Sikleroze."

"Nimeona, bibi. Ila mgonjwa wa mishipa naye ana damu."

Alimchoma kidole, akatia tone kwenye kile kimashine kidogo, wakangoja. Nyirabagenzi aliona midomo ya nesi ikibana.

"Mia tano na kumi na mbili."

"Inapaswa kuwa ngapi?"

"Kabla ya kula, hata mia moja na kumi ni nyingi." Tayari alikuwa ametundika maji na kutafuta mshipa. Alimtuma mlinzi aite gari la wagonjwa. Kisha, bila kugeuka, aliuliza, "Nyumbani anakunywa nini?"

Wellars alikohoa. Vénuste aliangalia sakafu; alikuwa amekumbuka asali. Nyirabagenzi ndiye aliyesema, na alisema yote, bila kuficha hata kijiko. Soda za wageni, jus, uji. "Vijiko vinne. Na kimoja juu. Ni mi ndio namupatia," alimalizia. "Kwa huu mukono."

Aliunyoosha mkono mbele kabisa, kama watoto wa zamani waliosubiri fimbo.

Teta alimwangalia, uso ukalegea. "Bibi, hukujua. Dawa zile huwapandishia watu wengine sukari. Na baba yake alikuwa nayo, kwa hiyo huenda ilikuwa njiani. Soda zimeisukuma tu. Tena waliotakiwa kumpima tangu zamani ni sisi watu wa dawa, si ninyi."

"Basi hii kiu..."

"Ni ya sukari."

"Na mukojo?"

"Huo mwingi hivyo, ni wa sukari."

"Macho?"

"Macho tusubiri. Sukari nayo huleta ukungu. Ikishuka tutajua kipi ni cha nani."

Nyirabagenzi alijikokota karibu. Swali lake lilikuwa moja tu, na alikuwa akilizunguka kama mtu anayeogopa kubisha hodi. "Donc sikleroze haijapanda kichwa?"

"Hilo atalisema daktari wake. Lakini mimi hapa sioni kinachoonyesha kwamba imepanda. Ninachokiona ni sukari, na sukari ina dawa."

Hapo yule bibi akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Ni sukari," alikuwa akisema. "Mana yanjye, Mungu wangu, ni sukari tu! Asante, mutoto yangu. Asante."

Teta alikuwa ameshawaambia watu wengi kwamba wana kisukari. Wengine walikataa, wengine waliuliza nani amewaroga. Hakuwahi kuona mtu anayeshukuru kwa kuambiwa kwamba magonjwa ni mawili.

Hospitalini siku mbili za kwanza zilikuwa ngumu, na hakuna haja ya kuzipamba. Umurerwa hakutambua watu vizuri. Manesi walipishana na sindano na maji, na Nyirabagenzi alijifunza kukaa kwenye benchi bila kuuliza. Siku ya tatu mgonjwa aliomba kuoshwa uso. Siku ya nne alilalamika juu ya supu. Siku ya tano, asubuhi, jua likiwa limeingia wodini, alimtazama mama mkwe wake kwa muda mrefu, akikunja macho.

"Mama."

"Niko hapa."

"Kitenge umevaa ndani-nje."

Nyirabagenzi alijitazama. Kweli. Alikuwa amekivaa hivyo tangu Jumapili ya pikapu, akaenda nacho duka la dawa, kantini, na mara mbili kwenye kanisa la hospitali, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia. Alitaka kujisitiri, kisha akaelewa alichoambiwa, mkono ukabaki hewani.

"Umeona?"

"Naona na uzi wenye unatoka pale. Bado kuna ukungu kidogo pembeni. Lakini naona."

Nyirabagenzi alichukua chupa ya mafuta, akaketi mwisho wa kitanda, akaanza kumpaka miguu. Alipaka mguu mmoja wote, ndipo akasema.

"Kuko neno lenye liko nanichoma. Ile valizi, mi ndio nilifunga. Cansilde alisema, lakini mwenye kukubali ni mimi. Nilisema Jumapili."

"Najua."

"Unajua?"

"Dirisha iko juu ya kichwa yangu, mama. Na masikio yangu haina sikleroze."

Mkono wa bibi ulisimama. "Sasa kwa nini ulinyamaza? Siku zile zote?"

"Ningesema nini? Mutu mwenye anakojoa mbele ya mama wa kwaya anasema nini?" Umurerwa alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Nilikuwa nangoja wewe useme. Kila siku ukileta uji nasema, leo ndio atasema hapana. Nakunywa, unachukua kikombe, unaenda."

Wanawake wa umri wa Nyirabagenzi hawaombi msamaha kwa wake wa watoto wao. Hupika kuku, au hununua kitenge, na mambo huisha. Yeye alishika miguu yote miwili ya Umurerwa kwa mikono yake yenye mafuta.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilichoka, na niliogopa. Niliogopa ufie mukononi mwangu."

Umurerwa alijifuta macho kwa shuka. "Paka na ule mwingine," alisema baadaye. "Umeuacha."

Alitolewa hospitali siku ya tisa, na sindano za asubuhi na jioni, na kimashine cha kupimia. Kuchoma sindano ilikuwa kazi ya Wellars. Huyo mtu alibeba mawe ya volkano kutwa nzima, lakini ile sindano ndogo ilimtoa jasho. "Umenichoma ama bado?" Umurerwa alimuuliza asubuhi ya kwanza. "Niko naomba kwanza," Wellars alijibu.

Wageni walirudi, bila shaka, na soda zao. Nyirabagenzi alisimama mlangoni. Alijua kukataa cha mgeni ni kumfukuza mgeni, akatafuta njia.

"Tunapokea, tunashukuru," aliwaambia. "Lakini hii tutakunywa sisi wazima. Mugonjwa anakunywa maji."

"Hata kidogo?" mama wa kwaya aliuliza. "Nusu gilasi? Ya kumutia nguvu?"

"Hata ya kulamba."

Mtaani ikasemwa kwamba kwa Nyirabagenzi wamekuwa na maringo, hawataki vya watu. Ikasemwa wiki mbili, kisha mtu mmoja akaleta mayai, mwingine mboga za majani za dodo na maharage mabichi, na mazungumzo yakahama. Soda zilizokwisha kufika Cansilde alijitolea kuzinywa, chupa kwa chupa, akisema anamsaidia mgonjwa mzigo, mpaka Nyirabagenzi alipomkalisha na kumchoma kidole yeye pia. Mia moja na tano. Cansilde aliiweka chupa chini, na siku hiyo alikunywa maji.

Ilibaki lile neno. Vénuste alikuwa amepiga simu kuuliza kama aje tena na gari, na hakuna aliyetaka kumjibu. Jumapili moja, wote wakiwa wamekaa baada ya chakula, Nyirabagenzi aliomba simu, akampigia mwenyewe, akaweka sauti ya juu ili kila mtu asikie.

"Vénuste, mutoto yangu. Ile siku nilisema umuchukue dada yako. Lile neno nalirudisha. Nilikosa."

Wellars aliacha kuchokoa meno. Katika maisha yake hakuwahi kumsikia mama yake akilitamka neno hilo la mwisho.

"Sawa, mama," Vénuste alisema kutoka huko mlimani, upepo ukipiga kwenye simu. "Basi nitakuja kumutembelea tu."

"Ukuje. Asali uache kwako."

Cansilde alikuwa anatazama mikono yake. "Mi sikuwa namufukuza, maman. Umurerwa, usikie. Mi nilichoka tu."

"Naelewa," Umurerwa alisema. "Hata mi ningejichoka."

"Ile nafasi yako naishika tu. Siku utafika kwa barrière, mi natoka. Hata kama nimeshaweka karoti chini, natoka."

"Na karoti?"

"Karoti inabaki. Nitaenda wapi nayo?"

Wakacheka, hata Wellars.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja Umurerwa na mama mkwe wake walikwenda kituo cha afya kupimwa, wakarudi kwa miguu, polepole, Umurerwa na fimbo yake. Kidole asubuhi kilikuwa kimesoma mia moja ishirini na nane, na Teta alikuwa amewapigia makofi, kisha akawakazia sauti: safari nyingine likija jambo jipya, wasiseme ni sikleroze kabla ya kuja kupima. Na Kigali mwezi ujao lazima waende vilevile. Waliitikia kama wanafunzi.

Karibu na kona ya kwao, pale mawe meusi yanapochomoza barabarani, mguu wa kushoto wa Umurerwa ulikataa. Ulijiburuza, ukajikwaa, na akayumba hadi akaushika ukuta wa jirani. Nyirabagenzi alikuwa ameshaanza kupekua mfuko akitafuta kimashine.

"Nipatie kidole! Umekula nini? Umeona giza?"

"Mama, tulia." Umurerwa alisimama, akausikiliza mguu wake kama mtu anayesikiliza hatua za mtu anayemjua nje ya mlango. Aliukanyaga. Ulijiburuza tena, vilevile kama ulivyojiburuza miaka miwili. Uso wake ukafunguka.

"Haina kitu," alisema. "Hii ni sikleroze tu."

Nyirabagenzi alimtazama, mdomo wazi, kimashine mkononi. Kisha kicheko kikampata kutoka tumboni, kikampinda, hata akalazimika kushika ukuta ule ule. Mama wa kwaya, aliyekuwa akipita na ndoo, aliwauliza kuna nini, na hakuna kati yao aliyeweza kumjibu.